Koneksheni ya kudumu ya databesi: piga hesabu kwanza ndo uiwashe

Tanga tuna ule msemo wetu, waja leo waondoka leo, na koneksheni ya kawaida ya databesi tabia yake ndo hiyohiyo. Rikwesti inaingia, koodi inapiga hodi kwenye databesi, inaonyesha jina na paswedi, inauliza swali lake moja au mawili, afu inaaga, ikija rikwesti nyingine hodi inapigwa upya. Koneksheni ya kudumu ni mgeni aliyekuja akapewa chumba kabisa, rikwesti ikiisha yeye habanduki, anasubiri inayofuata. Faida yake ni kwamba hodi haipigwi tena. Hasara yake ni kwamba vyumba vinahesabika, na mgeni akishakaa na vitu vyake navyo vinakaa.

Mi nilijifunza kwa aibu. Kuna jamaa ana ofisi ya tiketi maeneo ya stendi ya Kange, nikamtengenezea sistimu ya kukata tiketi za basi, PHP na MySQL, seva mbili za wavuti mbele na databesi iko peke yake kwenye mashine ya tatu. Katikati nimeweka TLS, yaani mazungumzo yanafungwa kwa siri njiani, kwahiyo kila hodi ina salamu ndefu kama za wazee, hujambo sijambo nyumbani hawajambo, swali lenyewe bado halijaulizwa. Kuelekea Idd wateja wakawa wengi, kurasa zikawa nzito, nikaingia kwenye koodi nikaongeza PDO::ATTR_PERSISTENT => true, yaani nimewasha za kudumu kwenye PDO, ile njia ya PHP ya kuongea na databesi. Mstari mmoja tu. Kurasa zikawa nyepesi, nikajiona fundi, nikaenda zangu Ngamiani kula mishkaki. Kesho yake jioni simu, kaka mbona haifunguki, nacheki logi nakuta erori 1040, maana yake koneksheni zimejaa.

Sasa hapa ndo pa kuelewa vizuri, maana wengi wanadhani koneksheni za kudumu zinakuwa chache na watu wote wanachangia. Kwenye PHP-FPM, ile inayoendesha koodi ya PHP kwa prosesi nyingi pembeni pembeni, hamna kuchangia. Kila prosesi inashika koneksheni yake yenyewe na jirani haigusi, hata kama yeye amekaa tu hana kazi. Afu ukiunganisha kwa yuza wawili tofauti, prosesi moja inashika mbili, kwa sababu PHP inazitofautisha kwa anuani, jina na paswedi. Mi nilikuwa na pm.max_children (idadi ya juu ya prosesi) ya 40 kwenye kila seva, seva ziko 2, na nilijifanya mjanja nikaweka yuza mmoja wa tiketi na mwingine wa ripoti, kwahiyo 40 mara 2 mara 2 ni 160. MySQL ikija hivihivi haijaguswa max_connections yake, yaani koneksheni inazokubali kwa mara moja, ni 151. Hesabu ya darasa la tatu hiyo na sikuipiga.

Kwahiyo kabla hujawasha chochote kaa chini uandike: prosesi kwa seva, mara idadi ya seva, mara idadi ya yuza, jumlisha kroni zako (kazi zinazojiendesha kwa ratiba), bakapu, na we mwenyewe ukitaka kuingia kuangalia. Jibu likikaribia max_connections usiwashe. Na usikimbilie kuandika max_connections = 1000 ukalala, kila koneksheni inakula memori yake kwa ajili ya kupanga na kuunganisha data, mashine ndogo ya giga mbili ukiijazia wageni elfu inazimia yenyewe. Bora upunguze max_children, mara nyingi ile namba tumeikopi mahali na hatujui ilitoka wapi.

Jambo jingine, apu isitumie yuza wa root, yule msimamizi mwenye mamlaka yote, kamwe. MySQL inaacha nafasi moja ya ziada juu ya ile 151 kwa ajili ya msimamizi, ili vikijaa we uweze kuingia ukaone kulikoni. Apu ikiwa na mamlaka ya root inaichukua na hiyo, unabaki nje ya nyumba yako unagonga dirisha. Ukifanikiwa kuingia piga SHOW PROCESSLIST, ukiona mistari mingi imeandikwa Sleep hao ndo wageni wako wamelala. SHOW STATUS LIKE 'Threads_connected' inakwambia wako wangapi sahivi, na 'Max_used_connections' inakwambia walishafika wangapi kwa wakati mmoja tangu seva iwashwe. Hii ya pili ndo ya maana zaidi, iangalie baada ya siku yenye watu, sio Jumapili saa nne usiku.

Basi mi nikarekebisha, nikawaunganisha wale yuza wawili wakawa mmoja, 160 ikashuka mpaka 80, safi. Wiki haijaisha likaja jingine, tena hili ndo lilinitoa jasho. Mama mmoja amefika stendi saa tisa usiku na mabegi, tiketi yake imeandikwa saa tisa, basi linaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Tiketi nyingine zote ziko sawa. Nikijaribu mwenyewe iko sawa, nikijaribu tena sawa, mara ya tano imekosea kwa masaa matatu, ya sita sawa. Nusura nitafute mganga.

Masaa matatu ndo tofauti yetu na saa ya dunia, UTC. Skripti ya ripoti ilikuwa inapiga SET time_zone = '+00:00' mwanzoni, na zamani haikuwa na madhara kwa sababu koneksheni ya ripoti ilikuwa yake peke yake. Nilivyounganisha yuza, ripoti ikawa inapita kwenye koneksheni ileile ya tiketi, inabadilisha saa, inaondoka bila kurudisha. Muda wa kuondoka nimeuhifadhi kama TIMESTAMP, na hiyo MySQL inaigeuza kufuata saa ya koneksheni. Kwahiyo tiketi ikiangukia kwenye prosesi ambayo ripoti ilishapita, inachapwa saa tisa. Ikiangukia kwingine iko salama. Ndo maana ilikuwa inakuja na kupotea kama umeme.

Na sio saa tu. Majedwali ya muda mfupi (TEMPORARY), variabo za sesheni, LOCK TABLES, vyote vinabaki kwenye PDO. Loki ndo mbaya kuliko zote, skripti imefunga jedwali afu ikafa katikati, koneksheni haijafungwa, loki ipo, wanaofuata wote wanapanga foleni mlangoni na hakuna wa kuwafungulia. Transaksheni, yaani mabadiliko yanayokubalika yote au yasikubalike kabisa, ukiianzisha kwa beginTransaction() ya PDO yenyewe inarudishwa nyuma rikwesti ikiisha, kwahiyo tumia hiyo, usiandike BEGIN kwa mkono.

Dawa niliyoijaribu kwanza ilikuwa kuweka SET time_zone = '+03:00' kwenye PDO::MYSQL_ATTR_INIT_COMMAND. Haikusaidia kitu, kwa sababu ile amri inakimbia koneksheni inapozaliwa tu, ikitumika tena haikimbii. Kilichofanya kazi ni mawili: ripoti nikaitoa kabisa kwenye koneksheni za kudumu, ikimaliza inajifunga, na kwenye tiketi kila rikwesti inaanza kwa kuweka saa yake yenyewe. Ni safari moja tu kwenda databesi, bado rahisi kuliko salamu zote zile. Wanaotumia mysqli (njia nyingine ya PHP ya kuongea na MySQL) na ile p: mbele ya jina la hosti, inayowasha za kudumu, wana nafuu, yenyewe inaisafisha koneksheni kabla ya kuitumia tena.

Kuna na ile ya asubuhi. wait_timeout ya MySQL ni sekunde 28800, masaa manane, koneksheni iliyolala muda huo inakatwa na seva. PDO ikitaka kuitumia tena inaipima kwanza kama iko hai, ila ukiwa na skripti inayokaa macho siku nzima kutuma meseji, hiyo imeshika koneksheni mkononi, usiku hamna wateja, alfajiri mtu wa kwanza anakutana na erori 2006, seva haipo. Skripti ya namna hiyo ishike erori na iunganishe upya yenyewe. Mi wait_timeout nimeishusha mpaka 300 ili wanaolala bure waondolewe mapema.

Wa Python na Node mko pazuri kidogo kwa sababu mna puli, koneksheni chache zinazochangiwa ndani ya prosesi. Hesabu haibadiliki lakini. SQLAlchemy ya Python ikiachwa ilivyo inaruhusu 5 na 10 za dharura, jumla 15 kwa prosesi, ukiwa na prosesi nane ni 120, na PostgreSQL, databesi nyingine, max_connections yake ya kuanzia ni 100. Washa pool_pre_ping, ipime kwanza kama koneksheni iko hai. Django, nayo ya Python, CONN_MAX_AGE (sekunde koneksheni inazokaa) ni 0, yaani waja leo waondoka leo, ukiweka 60 weka na CONN_HEALTH_CHECKS iwe True. Kwenye Node, client.release(), ile inayorudisha koneksheni kwenye puli, iandike ndani ya finally, ukisahau mara kumi puli yako ya koneksheni kumi imekwisha na hakuna erori, apu inanyamaza tu.

PostgreSQL kila koneksheni ni prosesi nzima ya mashine, kwahiyo ukikua weka PgBouncer mbele yake, mlango 6432, apu zinaunganisha kwake na yeye anashika chache za kweli. Ila ukiiweka igawe koneksheni kwa kila transaksheni, zile SET za sesheni usizitegemee tena, ni yaleyale ya mama wa saa tisa usiku.

Na kama databesi na apu viko mashine moja vinaongea kwa soketi ya ndani, MySQL inaunganisha haraka mno, hutaona tofauti. Yule jamaa mwenyewe ana tovuti nyingine ya kutangaza mizigo ya Horohoro, iko kwenye seva moja, akaniuliza hii nayo tuiweke za kudumu, nikamwambia hapana iache hivohivo.