Tundu la bolti likiisha nyuzi kwenye karteri ya pikipiki: namna ya kulirudishia uhai nyumbani

Unafunga mfuniko wa klachi, bolti zote zimekaza, ya mwisho inazunguka tu. Ukiichomoa unaikuta imejiviringishia kisokoto cheupe cha alumini. Hizo ndizo nyuzi za karteri (ganda la injini), zimetoka nayo. Hapa Goma pikipiki zinagongwa na mawe ya lava kutwa nzima, bolti zinalegea, na kila anayezikuta zimelegea anaongeza nguvu. Alumini ni laini kuliko chuma cha bolti, kwa hiyo linaloliwa ni tundu.

Kuna wanaojaza kipande cha kopo la soda au gundi ya chuma. Kwa mfuniko wa kuficha waya, sawa. Kwenye karteri au kulasi (kichwa cha injini), usijaribu.

Hatua ya 1: pima kwanza

Ingiza kijiti chembamba mpaka mwisho wa tundu, weka alama, kisha linganisha na urefu wa bolti unaoingia ndani. Mara nyingi chini kuna nyuzi ambazo hazijaguswa. Bolti iliyozidi kwa mm 5 inaweza kuzishika, na kazi ikaishia hapo bila kutoboa chochote. Ila isigote mwisho wa tundu: ikigota utadhani imekaza, kumbe mfuniko bado unacheza. Futa pia mafuta yaliyotuama chini. Mafuta hayabanwi, na bolti ikiyasukuma mahali pasipo na pa kutokea inaweza kupasua karteri.

Hatua ya 2: vifaa

Kama nyuzi zimeisha zote, dawa ni koili ya nyuzi, ile ambayo wengi wanaiita Helicoil: waya wa chuma kisichoshika kutu uliosokotwa kama resori (springi), bolti inaingia ndani yake. Bolti nyingi za mifuniko ni M6 (unene wa mm 6) yenye hatua, yaani nafasi kati ya uzi na uzi, ya mm 1. Hiyo inataka meshi (ncha ya drili) ya mm 6.3 na taro (chombo cha kukata nyuzi ndani ya tundu) maalum ya koili. Taro ya kawaida ya M6 haitakata kitu kwenye tundu hilo. Kwa M8 ya hatua ya 1.25, meshi ni 8.3. Kwenye alumini mimi napenda koili yenye urefu wa mara moja na nusu ya unene wa bolti, yaani mm 9 kwa M6, kama kina kinaruhusu.

Iwe umenunua Birere hapa mjini au umevuka mpaka hadi Gisenyi, Rwanda, taro ya bei rahisi ijaribu kwanza kwenye karteri iliyokufa. Ikikatikia ndani ya injini yako, meshi ya kawaida haiitoboi.

Hatua ya 3: kutoboa

Kazi yote iko hapa. Tundu likienda upande, koili itakaa upande, na bolti haitaingia kupitia mfuniko.

Tumia mfuniko wenyewe kama kiongozi. Urudishe bila gasketi, ushike kwa bolti nzima zilizobaki. Tundu la mfuniko kwa M6 huwa limezidi mm 6 kidogo, hivyo meshi ya 6.3 inapita na kunyooshwa nalo. Kama meshi inabana, usilazimishe. Kama inachezacheza sana, tafuta kipande kinene cha chuma, kitoboe wima kwa mashine ya mezani, kisha kitumie badala yake.

Zungushia utepe kwenye meshi kuonyesha kina cha kuishia. Ziba kwa kitambaa kila njia ya kuingia ndani ya injini, kwa sababu sumaku haiokoti alumini. Paka grisi kwenye mifereji ya meshi ili ishike machicha. Drili iende polepole. Umeme ukiwa wa kusuasua, kekee ya mkono inafanya kazi safi kuliko unavyodhani.

Hatua ya 4: taro

Ondoa mfuniko. Tone la mafuta ya taa kwenye taro, nusu mzunguko mbele, robo nyuma, bila haraka. Itoe mara kwa mara uisafishe. Ukihisi inakuwa ngumu, rudi nyuma, usiongeze mkono. Ukimaliza, puliza tundu ukiwa umefunika macho, kisha lioshe kwa petroli likauke. Vumbi letu jeusi la lava linasaga kama msasa, kwa hiyo usifanyie kazi hii uani upepo ukivuma.

Hatua ya 5: koili

Izungushe kwa kifaa chake mpaka ikae chini ya uso kwa robo hadi nusu ya uzi. Ikibaki juu, mfuniko hautalala. Kisha gonga ulimi wa chini (ncha ya koili iliyokunjwa ambayo kifaa kiliishika) kwa pini butu, pigo moja fupi, ukatike, na uuvue kwa koleo jembamba. Hakikisha umetoka kweli, hasa kama tundu linatokea ndani ya karteri.

Kufunga

Anza kila bolti kwa vidole, kisha kaza kwa kupishana pande, kidogo kidogo. M6 kwenye alumini haihitaji zaidi ya Nm 10 hivi (nyutonimita, kipimo cha nguvu ya kukaza); kama huna spana ya kupimia, shika spana fupi kwa vidole viwili. Washa injini ipate moto, zima, iache ipoe, ndipo uangalie. Mafuta yakichungulia pembeni ya mfuniko, fungua ukague gasketi kabla ya kugusa bolti.