Kuandika fedheha katika tamthilia ya mapenzi bila kuiuza kama mahaba

Kabla ya kuandika majibizano, andika nani ameshika nini. Katika Boys Over Flowers, tamthilia ya Korea Kusini iliyorushwa na KBS2 mwaka 2009, Gu Jun-pyo ni mrithi wa kampuni kubwa, na shule wanayosoma ni ya kampuni hiyo hiyo. Geum Jan-di ni binti wa dobi, kaingia pale kwa ufadhili wa kuogelea. Kadi nyekundu, alama ya Jun-pyo na wenzake kwamba shule nzima imwandame mtu, ikitokea kwenye kabati lake, hakuna haja ya kumweleza mtazamaji kwa nini watu wazima wananyamaza. Nguvu ni vitu vinavyoshikika: kodi ya nyumba, ada, ajira, funguo, simu. Orodhesha vitano kwa kila mhusika. Ukikosa hata kimoja cha mwanamke, bado hujamwandika.

Fedheha huhitaji mashahidi. Chagua wawili au watatu wenye majina, ambao atakutana nao tena kesho. Umati wa watu ishirini wanaocheka hauumi kama rafiki mmoja anayeangalia pembeni. Kamera ibaki kwa anayefedheheshwa, usoni na mikononi, hadi ajibu au ashindwe kujibu.

Hapa ndipo skripti nyingi huharibika. Mwanamume anamkamata binti mkono na kumburuta, kamera inahamia kwenye sura nzuri ya mwanamume huyo, mwendo unapunguzwa, wimbo wa mapenzi unaingia. Mtazamaji huutii muziki kuliko maneno, kwa hiyo anaondoka na ujumbe kwamba kuburutwa ni kupendwa. Soma onyesho hilo bila muziki, kisha mweke mtu asiye na pesa wala sura mahali pa shujaa wako. Ukitamani polisi waitwe, basi ni ukatili; uandike hivyo.

Aliyemdhalilisha mwenzake hadharani hawezi kulipa kwa radhi ya chumbani. Ndani ya sehemu tatu mrudishe mbele ya mashahidi wale wale. Wala zawadi si radhi: gauni ambalo mpokeaji hawezi kulirudishia thamani yake humwongezea deni.

Utoto wenye majeraha una mahali pake. Mama yake Jun-pyo hutumia pesa kama rungu, na tunaelewa kijana kajifunzia wapi ubabe. Kuelewa si kusafisha. Weka maelezo hayo baada ya kijana kupoteza kitu kwa sababu ya alichokifanya. Yakitangulia, mtazamaji atasamehe kabla hajaombwa.

Ubabe, radhi, utulivu, kisha ubabe tena: mzunguko huu unachosha usipokula kitu. Mzunguko wa kwanza umnyang'anye binti rafiki, wa pili kazi, wa tatu akiba. Hapo swali la "si aondoke tu?" linajijibu lenyewe.

Na akiondoka, usifunge sehemu mlangoni. Kuondoka ndiko mara nyingi kunakozidisha hatari. Onyesha maandalizi: kitambulisho, nauli, mtu mmoja anayejua anakokwenda. Sehemu inayofuata ilete simu zisizokoma, gari nje ya ofisi, shangazi aliyetumwa kusuluhisha. Huyo shangazi mwandike kwa uangalifu mkubwa, kwa sababu anampenda binti kweli na bado anamrudisha motoni.

Ukitaka mwanamume abadilike, mwandikie onyesho ambamo anakataliwa huku uwezo wa kulazimisha bado anao, naye asiutumie. Usimpe tuzo katika sehemu hiyo hiyo.