Kabla hujaenda kuorodhesha ndege wa Kenya Bird Map: mambo ya kuzingatia

Kenya Bird Map ilianza 2013 ili kujua ndege gani yuko wapi sasa hivi, nchi nzima, kwa macho na masikio ya watu wanaojitolea. Nchi imegawanywa kwa miraba iitwayo pentadi, kila mmoja dakika 5 za latitudo kwa dakika 5 za longitudo, yaani takriban kilomita 9 kwa 9. Atlasi ya ndege iliyotoka 1989 ilitumia miraba ya nusu digrii, na mraba mmoja wa zamani unameza pentadi 36. Ramani mpya inaona kwa karibu zaidi, kwa hiyo kosa dogo la mahali, ambalo zamani lisingeonekana, sasa linaonekana.

Vifaa kwanza. Darubini ya 8x42 au 8x32 inatosha (8 ni ukuzaji, namba ya pili ni upana wa lenzi kwa milimita). Yenye ukuzaji mkubwa zaidi inatetemeka mkononi. Beba daftari na penseli, maana wino wa kalamu huvuja karatasi ikilowa. Programu ya simu ya kurekodia ndege, BirdLasser, ipakue ungali nyumbani penye intaneti, jisajili, jiunge na mradi, na uijaribu kwa kunguru wa uani kwako kabla ya safari. Simu iwe imejaa chaji, na pawabenki iwe mfukoni, kwa sababu GPS hula betri.

Muda usiuchezee. Orodha kamili inataka angalau saa 2 za kutafuta ndege kwa bidii ndani ya pentadi moja, ukipita kila aina ya mazingira unayoweza kuifikia: shamba, kichaka, mkoko, kijiji, dimbwi. Baada ya hapo unaweza kuendelea kuongeza aina mpya hadi siku 5 zitimie. Bundi aliyelia usiku wa pili anaingia. Andika kila aina mara moja tu, kwa mpangilio wa ulivyoikuta, kwa kuona au kusikia. Mpangilio huo una kazi: ndege wa kawaida huwahi kutokea, adimu huchelewa, na mfuatano wa orodha nyingi huonyesha nani ni wengi na nani wamepungua. Kama huna saa 2, peleka ulichokiona kama rekodi za kawaida. Zina faida, lakini usiziite orodha kamili.

Sasa mipaka, na hapa nisikilize vizuri, kwa sababu ndipo siku nzima ya kazi hupotea bila mtu kujua.

Chukua eneo la Watamu, pwani karibu na Malindi, ambako wengi huanzia. Mstari wa 3°20' kusini unapita kati ya Gede na Watamu. Mstari wa 40°00' mashariki unapita kati ya Watamu na Mida Creek, ghuba yenye mikoko. Mtu akianza asubuhi kwenye magofu ya Gede, akashuka Watamu kuangalia membe, jioni akaenda Mida kuwatazama Dromas ardeola, wale weupe na weusi wenye mdomo mnene wa kuvunjia kaa, ameshakanyaga pentadi tatu bila kutoka eneo moja. Kwake yote ni "Watamu". Kwa ramani ni sehemu tatu, na kila moja inadai saa 2 zake.

Kosa linaingia kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuandika jioni. Programu inashika saa na mahali uliposimama ulipobonyeza, haijui ndege alikuwa wapi. Ukikaa kitandani hotelini Watamu ukaingiza ndege wa msituni Gede, hondohondo wa Gede atahamia ufukweni na mpangilio wote utakuwa wa kumbukumbu yako. Bonyeza palepale. Ukiwa kwenye gari, simama kwanza, subiri GPS itulie, ndipo ubonyeze.

Ya pili ni namba. Simu nyingi huonyesha digrii za desimali. Watamu iko karibu na 3.35 kusini, na anayenakili kwa daftari huandika 3°35'. Hiyo si Watamu. 3.35 ni 3°21'. 3°35' iko kama kilomita 26 kusini, kuelekea Kilifi. Badilisha mpangilio wa simu uonyeshe digrii na dakika, au zidisha desimali mara 60: 0.35 × 60 = 21. Fanya hesabu hiyo kabla ya kuondoka, na uandike mipaka minne ya pentadi yako juu ya ukurasa wa daftari.

Kunguru muandike. Watu humruka kwa sababu wamemchoka, lakini kiwango cha kuonekana kwa ndege hupimwa kwa kuhesabu orodha kamili ngapi zina jina lake. Orodha ya Malindi isiyo na kunguru wa India inasomeka kwamba hakuwepo. Huyu ni mgeni anayeenea, anayekula mayai na makinda ya ndege wengine, na 2024 KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, ilitangaza mpango wa kuwapunguza kwa idadi kubwa. Tutajuaje kama wamepungua iwapo hatukuwaandika walipokuwa wengi?

Usiyemtambua muache. Chozi jike, au kidege cha kijivu matopeni wakati wa masika kabla hajabadilisha manyoya sawasawa, huwachanganya hata wazoefu. Piga picha, andika rangi ya miguu na urefu wa mdomo, uliza baadaye.

Mida iende kwa saa ya maji. Yakipwa kabisa ndege wako mbali kwenye matope; nenda maji yanapojaa, yanawasukuma karibu. Siku za bamvua yanajaa haraka, usivuke mfereji usioujua. Msitu wa Arabuko-Sokoke, karibu na hapo, una ndovu: lipa kiingilio, chukua mwongozaji wa hapo, usiingie peke yako jioni. Usicheze sauti za bundi kwenye spika kumwita atoke, na usikaribie kiota hata kwa picha moja. Kupe wapo, suruali iwe ndefu. Maji ya kunywa pia. Kofia. Mwambie mtu unakokwenda, na orodha itume ukirudi, isilale kwenye simu inayoweza kuibwa au kuanguka majini.