Somo: Mbolea ya Ruzuku, Kuanzia kwa Chifu hadi Ghalani

Wakulima wengi wa Trans Nzoia na Uasin Gishu, kaunti za Kenya ambazo mahindi ndiyo tegemeo la nyumba, bado wanaisubiri ruzuku ya serikali kana kwamba ni fedha zitakazoingia kwenye simu. Ruzuku hii ni punguzo la bei: mfuko wa mbolea wa kilo 50, uliokuwa ukiuzwa kwa zaidi ya shilingi 6,000 mwaka 2022, uliteremshwa hadi 3,500 mwezi Septemba mwaka huo, kisha hadi 2,500 mwaka 2023, na serikali hubeba tofauti. Punguzo hilo humfikia tu aliye kwenye sajili ya wakulima.

Hatua ya kwanza ni kujiandikisha, na hapa ndipo wengi hukosea. Nenda kwa chifu au naibu wake ukiwa na kitambulisho na nambari ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako mwenyewe, wala si ya mwanao aliye Nairobi. Utaulizwa shamba liko wapi, unalima ekari ngapi na unapanda nini, na majibu hayo huingizwa katika sajili ya kitaifa iitwayo KIAMIS. Usijibu kwa haraka. Mgao hukadiriwa kwa ekari, na jirani yangu anayelima ekari tatu aliandikwa ana nusu ekari, akaligundua kosa hilo wakati mvua ilikuwa imekwisha kuanza na wenzake wanapanda. Omba usomewe ulichoandikiwa kabla ya kuondoka.

Hatua ya pili ni kusubiri kwenye simu ujumbe wa vocha, yaani idhini yako ya kununua kwa bei ya punguzo. Usiufute, na usimpe mtu nambari iliyomo.

Hatua ya tatu ni kwenda ghala la Bodi ya Nafaka au kituo kingine kilichoteuliwa, ukiwa na kitambulisho chako halisi na simu ileile. Lipa, kisha kagua mfuko ungali palepale: mshono usiwe umefunguliwa, na chapa isomeke vizuri. Mwaka 2024 ilibainika kwamba baadhi ya mbolea iliyouzwa kupitia mpango huu haikufikia viwango, kwa hiyo tunza risiti hadi mavuno.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, mimi ninalima shamba la kukodi. Je, nitakataliwa kwa kukosa hati ya ardhi?*

Hapana, ndugu yangu. Anayesajiliwa ni mkulima. Taja ekari unazolima mwenyewe, na ueleze wazi kwamba umezikodi.

*Mume wangu alifariki, na ujumbe bado unakwenda kwenye laini yake. Nifanyeje?*

Pole sana, mama. Usiitumie laini hiyo, kwa kuwa ghalani utaombwa kitambulisho chake. Rudi kwa chifu, mweleze, kisha uandikishwe kwa jina lako kabla msimu haujaanza.

*Ghalani nilikuta mbolea aina ya NPK pekee, nami nimezoea aina ya DAP. Niichukue?*

Ichukue, mradi ni ya kupandia. DAP ikitumiwa mwaka baada ya mwaka huongeza asidi kwenye udongo, na mashamba mengi ya huku tayari yana asidi nyingi. Mwombe afisa wa kilimo akusaidie kupima udongo, kwani huenda shamba lako linahitaji chokaa kwanza.