Leseni ya Jimbo Kwanza: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuanza Kazi ya Tiba ya Matamshi au Usikivu Marekani

Marekani haina leseni ya taifa zima kwa wataalamu wa tiba ya matamshi na lugha, wala kwa wataalamu wa usikivu. Kila jimbo lina bodi au idara yake ya leseni, fomu zake na ada zake. Soma kanuni za jimbo utakalofanyia kazi, tena kwenye tovuti ya bodi yenyewe. Aliyesajiliwa Texas si wa kuulizwa habari za California.

Cheti cha umahiri wa kliniki, CCC, kinachotolewa na ASHA si leseni. ASHA ni chama cha kitaaluma cha wataalamu hawa. Ruhusa ya kuhudumia mgonjwa hutolewa na jimbo. Unaweza kuwa na CCC isiyo na doa na bado ukawa unavunja sheria kila asubuhi unapofungua kliniki.

Shahada: matamshi ni uzamili, usikivu ni udaktari wa AuD (Doctor of Audiology). Aliyesoma nje, tuseme shahada ya kwanza ya tiba ya matamshi pale Makerere, ajue mapema kwamba kwa kawaida hiyo peke yake haitoshi. Ukiagiza tathmini ya vyeti, agiza inayochambua somo moja moja, na chuo kitume matokeo moja kwa moja. Bahasha uliyoifungua mwenyewe itakataliwa.

Saa za mafunzo ya kliniki ambazo ASHA inazitaka ni 400 kwa upande wa matamshi: 25 za kutazama, 375 za kumhudumia mgonjwa mwenyewe. Hakikisha zimesainiwa kabla hujaondoka chuoni.

Mtihani wa kitaifa wa matamshi, Praxis, ni namba 5331, alama ya kufaulu 162. Siku ya kujisajili andika ASHA na bodi ya jimbo kuwa wapokeaji wa matokeo. Ukikumbuka baadaye, utalipia.

Majina yafanane kila mahali. Sisi huwa na jina letu, la baba na la babu, na mara nyingine pasipoti ina matatu, cheti kina mawili, na kadi ya Social Security (hifadhi ya jamii) imekata moja. Bodi itayahesabu kuwa watu wawili. Tengeneza hilo kabla ya kuomba.

Alama za vidole: ukiwa ndani ya California tumia Live Scan, yaani kuchukuliwa alama kwa mashine. Kadi za wino zinazotumwa kwa posta huchelewa sana.

Sasa linaloumiza wengi. Baada ya uzamili kuna kipindi cha kazi chini ya mlezi, wenyewe wanakiita CF (Clinical Fellowship), na majimbo mengi hukitolea leseni ya muda. Mhitimu anamaliza Mei. Kampuni inayopeleka wataalamu mashuleni inampa mkataba, shule zinafunguliwa katikati ya Agosti, na leseni haijatoka kwa sababu chuo kilituma nakala ya matokeo kabla ya tarehe ya kutunukiwa shahada kuandikwa. Bodi inaona masomo, haioni shahada. Mwajiri anamwambia, "Anza tu, karatasi zitatukuta njiani." Anaanza. Leseni ya muda inatoka wiki ya kwanza ya Oktoba.

Hapo ameshafanya wiki 7. ASHA inataka angalau wiki 36 za saa 35, yaani saa 1,260. Bodi ya California, kwa mfano, haihesabu muda wowote uliotangulia leseni ya muda. Wiki 7 ni saa 245, zimekwenda. Na mwaka wa shule katika majimbo mengi ni siku 180, ambazo ni wiki 36 kamili, hakuna hata moja ya akiba. Shule zinafungwa Juni yeye akiwa na wiki 29, kisha anasubiri Agosti huku leseni ya muda ikielekea kuisha. Vikao vya zile wiki 7, kama vililipiwa na Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, fedha zake zinaweza kudaiwa zirudishwe. Bodi nayo ikifungua shauri la kufanya kazi bila leseni, jina litakaloandikwa ni la mhitimu.

Kwa hiyo muulize msajili wa chuo tarehe ambayo shahada itaonekana kwenye nakala, na uagize itumwe baada ya hapo. Mkataba useme unaanza kazi leseni ikishatolewa. Kisha jitafute kwenye orodha ya bodi: jina, namba, tarehe ya kutolewa. Barua pepe ya "maombi yamepokelewa" si leseni.

Mlezi wako naye achunguzwe. CCC yake ikikatika katikati, saa za siku hizo hazihesabiwi. Asiwe ndugu yako. ASHA inataka akutazame ukihudumia wagonjwa saa 18, angalau 6 katika kila theluthi ya kipindi, kwa hiyo usikubali ahadi ya kufidia mwishoni.

Ukihudumia kwa video, kinachotazamwa ni alipo mgonjwa, si ulipo wewe. Mtoto akienda likizo kwa bibi yake jimbo jingine, kikao kisimame mpaka uwe na ruhusa ya huko. Upo mkataba wa majimbo wa kuruhusu mwenye leseni ya jimbo moja afanye kazi katika mengine, ASLP-IC, lakini jimbo kupitisha sheria yake hakumaanishi limeanza kutoa ruhusa. Ulizia.

Wa usikivu waangalie kama jimbo linadai kibali cha ziada cha kuuza vifaa vya kusaidia kusikia. Wa mashuleni waulize kama idara ya elimu nayo inataka cheti chake.

Saa za kujiendeleza hutofautiana: ASHA 30 kwa miaka 3, Texas 20 kwa miaka 2. Weka vyeti vyote, usitegemee mtoa mafunzo akuhifadhie. Ukihama, badilisha anwani kwenye bodi wiki hiyo hiyo. Tarehe ya leseni kuisha iandike kwenye kalenda yako mwenyewe, miezi 3 kabla, na usimwachie mwajiri kazi ya kukukumbusha.