Hebu weka 5: nilivyoelewa kusogeza fanksheni na kutafuta domeni

Swali lilisema: tafuta domeni ya g(x) = √(2x − 6). Nikaandika x ≥ 6, nikapigia mstari. Mwalimu hakuniambia nimekosea. Alisema tu, "Dada, hebu weka 5 mahali pa x." Nikaweka. Mbili mara tano kumi, toa sita, inabaki nne. Kipeuo cha pili cha nne ni 2. Jibu safi kabisa, tena kutoka kwa namba niliyokuwa nimeifungia mlango.

Nilirudi kwenye aljebra nikiwa na miaka 34, na huyo mwalimu wangu wa tuisheni nimemzidi miaka kumi na ushee. Hapa naandika njia aliyonipitisha, pamoja na yale niliyojifunza kuhusu namna ya kumtumia mwalimu. Maana hata awe hodari vipi, ukimwendea na maneno mawili tu, "sielewi fanksheni", atakachoweza kufanya ni kurudia somo zima, na wewe utatikisa kichwa kama ulivyotikisa darasani.

Kwanza tuwekane sawa. Fanksheni ni kanuni: unaipa namba moja, inakurudishia namba moja. Domeni ni namba zote inazoweza kupokea bila kukwama. Renji ni namba zote inazoweza kutoa. Basi.

Anza na namba nne

Chukua √x, chora kwa mkono. Usichague namba ovyo. Chagua zile ambazo kipeuo chake hakikusumbui: 0, 1, 4, 9. Unapata nukta (0, 0), (1, 1), (4, 2) na (9, 3). Nukta hizi nne ndizo utakazozifuata kila zinakokwenda.

Sasa andika √(x − 3). Mimi nilikuwa nimekariri kwamba "ndani kinyume, nje sawasawa": kutoa 3 ndani ya kipeuo kunasukuma grafu kulia, kujumlisha kunaisukuma kushoto. Sheria hiyo ni kweli, na ndiyo iliyoniponza. Haikuambii kwa nini, na pakitokea vitu viwili ndani kwa mpigo haikuambii kianze kipi.

Mwalimu aliifuta sheria yangu akaweka swali: ndani panatakiwa patokee namba gani?

Fikiri hivi. Kipeuo hakijabadilika. Bado kinataka 4 ili kitoe 2. Hakimwoni x, kinaona kile tu kilichofika ndani. Kwa hiyo, ili ndani patokee 4 wakati kila x anayeingia anapunguzwa 3, inabidi uingize 7. Nukta (4, 2) imehamia (7, 2). Vivyo hivyo (0, 0) imekwenda (3, 0), (1, 1) imekwenda (4, 1), na (9, 3) imekwenda (12, 3). Zote zimesogea kulia hatua tatu, kwa sababu x lazima alete 3 za ziada kufidia zile anazonyang'anywa mlangoni. Nilipoliona hilo kwenye jedwali langu mwenyewe, neno "kinyume" halikunihusu tena.

Kisha rudi kwenye lile swali lililoniumbua, √(2x − 6). Uliza swali lilelile mara nne. Ndani patokee 0: 2x − 6 = 0, x ni 3. Patokee 1: x ni 3.5. Patokee 4: x ni 5. Patokee 9: x ni 7.5. Zitazame namba za zamani na mpya kwa pamoja:

0 → 3
1 → 3.5
4 → 5
9 → 7.5

Kila namba ya zamani imejumlishiwa 6, kisha ikagawanywa kwa 2. Unapokokotoa unazidisha kwanza, halafu unatoa. Unapomtafuta x unarudi nyumanyuma, kwa hiyo unaanza kutengua kile kilichofanyika mwisho. Grafu imesogea kulia 6, halafu ikabanwa nusu kuelekea mhimili wa y.

Kosa langu lilikuwa kubana kwanza, kisha kusogeza 6. Nukta ya mwanzo ikatua kwenye 6 badala ya 3. Ukipenda kubana kwanza, inakubalika, ila toa 2 nje ya mabano: 2x − 6 ni sawa na 2(x − 3), na sasa unasogeza 3. Njia zote mbili zinafika pamoja. Mwalimu alinifanya nizipitie zote hadi nikamwambia imetosha, na yeye akaniambia nifanye moja zaidi.

Kuna jambo alinitajia siku hiyo ambalo limenikaa. Leonhard Euler, mwanahisabati aliyetuachia desturi ya kuandika f na mabano, alipoitumia alama hiyo mwaka 1734 hakuandika f(x) tupu. Aliandika f, na ndani yake x iliyogawanywa kwa a kisha ikajumlishiwa c. Yaani alama hiyo ilianza maisha ikiwa tayari na kitu kimefanyiwa x ndani. Sikujua kwa nini lilinifurahisha, lakini lilinifurahisha.

Ya nje hayana kero

Kinachofanyika nje ya fanksheni kinafanyiwa jibu, yaani y, kwa mpangilio wa kawaida wa hesabu. Ukiwa na −3√(2x − 6) + 4, chukua majibu 0, 1, 2, 3, yazidishe kwa −3, kisha ujumlishe 4. Unapata 4, 1, −2, −5. Nukta zako ni (3, 4), (3.5, 1), (5, −2), (7.5, −5). Alama ya kutoa imeipindua grafu ikaangalia chini, 3 imeivuta, 4 imeipandisha. Domeni haijaguswa: bado x ≥ 3. Renji ndiyo imegeuka, sasa y ≤ 4. Sina la kuongeza hapo.

Domeni ni swali lilelile

Hapa ndipo nilipokasirika kidogo, kwa sababu miaka yote nilidhani domeni ni sura nyingine ya kitabu. Badala ya "ndani panatakiwa patokee nini", unauliza "ndani panaruhusiwa patokee nini". Kwa namba halisi, mitego utakayokutana nayo sana mwanzoni ni mitatu. Chini ya kipeuo cha pili pasiwe hasi. Namba ya chini ya sehemu isiwe sifuri. Ndani ya logi (yaani logarithimu) pawe chanya tupu, na sifuri nayo hairuhusiwi. (Kipeuo cha tatu hakina shida na hasi, kipeuo cha tatu cha −8 ni −2. Nimewahi kukikatalia bure.)

Kwa √(5 − x), ndani pasiwe hasi, kwa hiyo 5 − x ≥ 0, yaani x ≤ 5. Wengi huandika x ≥ 5 kwa mazoea tu, mkono ukitangulia akili. Weka 1: 5 toa 1 ni 4, kipeuo chake 2. Namba 1 inaingia, na ni ndogo kuliko 5. Kwisha habari.

√(x² − 9) ilinikamata vingine. Niliandika x ≥ 3 nikaridhika. Mwalimu: "Weka −5." Ishirini na tano toa tisa ni kumi na sita, kipeuo ni 4. Kumbe domeni ina vipande viwili, x ≤ −3 au x ≥ 3, na pengo katikati. Tangu hapo nina desturi: nikishapata domeni, najaribu namba moja niliyoikubali na namba moja kutoka kila upande nilioukataa. Inachukua nusu dakika.

Halafu kuna (x² − 9)/(x − 3). Juu ni (x − 3)(x + 3), kwa hiyo unafuta (x − 3) juu na chini, inabaki x + 3, na x + 3 inapokea kila namba. Je, domeni ni namba zote? Hapana. Domeni inasomwa kabla ya kurahisisha. Namba 3 iliua sehemu tangu mwanzo, na kurahisisha hakuifufui. Grafu ni mstari ulionyooka wenye tundu moja kwenye (3, 6). Kwa hili tulibishana karibu robo saa, na sijutii hata dakika moja.

Namna ya kukaa na mwalimu

Mpelekee karatasi yenye kosa lako, usiifute. Lile x ≥ 6 langu lilimwambia mwalimu mengi kuliko maelezo yangu yote, kwa sababu 6 ile ilionyesha hasa ni wapi nilipinda.

Kalamu ibaki mkononi mwako. Mwalimu akianza kuandika yeye, mwombe kwa adabu: "Mwalimu, niambie, niandike mimi." Nikimtazama anavyoandika kila kitu kinaonekana chepesi, nikifika nyumbani kimeyeyuka.

Programu za kuchora grafu ni nzuri, lakini mimi nazifungua baada ya kubashiri, si kabla. Ukitazama jibu kwanza unabaki kulikubali tu.

Na mwombe akupe fanksheni ambayo kanuni yake hujaambiwa. Hili ndilo lililonipima kwelikweli, kwa sababu hakuna kipeuo wala sehemu ya kushikilia. Alinipa hivi: domeni ya f ni kuanzia −2 hadi 6, na hujui kingine chochote kuihusu. Domeni ya f(4 − 2x) + 7 ni ipi?

Ile 7 iko nje, iache. Ndani panaruhusiwa −2 hadi 6, kwa hiyo −2 ≤ 4 − 2x ≤ 6. Toa 4 kote: −6 ≤ −2x ≤ 2. Gawanya kwa −2, na kwa kuwa unagawanya kwa hasi, alama zinageuka: 3 ≥ x ≥ −1. Domeni ni kuanzia −1 hadi 3. Nikaanza kujaribu ncha kabla hajanikumbusha. Nikiweka 3, ndani panatokea −2. Nikiweka −1, panatokea 6. Ncha zimepishana, ya kulia imeangukia kushoto. Mwalimu akaniuliza kwa nini zimepishana, nikamjibu ni kwa sababu ya ile hasi iliyoko mbele ya 2x, akafungua ukurasa mwingine.