Matairi yasiyopiga kelele

Ukinunua matairi ya gari la familia hapa Nakuru, usianze na bei. Pitisha kiganja kwenye meno: yakiwa makubwa na yameachana, kama ya pikapu ya shamba, yatakuvumia mpaka Eldoret. Ya lami huwa madogo, yamekaribiana. Usishawishiwe kuweka rimu kubwa. Rimu hiyo hutaka tairi lenye ubavu mwembamba, nalo hupendeza machoni tu, ila kila tuta utalihisi kiunoni, na watoto nyuma watalalamika. Kisha tafuta tarakimu nne mwishoni mwa namba ya DOT, ile iliyochapwa ubavuni mwa tairi: 2319 ni kwamba lilitengenezwa wiki ya 23, mwaka 2019. Mpira wa zamani hukakamaa, hata ukipakwa ving'arisho. Upepo? Fuata kibandiko cha mlangoni mwa dereva, si makisio ya fundi.